Treni ya chini ya ardhi ikizeeka inafufuliwaje, na kwanini watu wa Mwanza tulijue hili mapema

London kuna laini inaitwa Bakerloo, treni zake zilianza kubeba abiria mwaka 1972 na zimeshapita miaka 50 zikiwa bado zinapiga kazi chini ya ardhi, kila asubuhi watu wanabanana humo kwenda kazini kama kawaida. Ukimwambia mtu hapa Mwanza habari hiyo mara nyingi atakujibu moja kati ya mawili, ama wenzetu wanajua kutunza vitu, ama kumbe na wao wanapanda machakavu tu. Mimi naona majibu yote mawili yanaruka jambo lenyewe. Ile treni ya 1972 haina umri mmoja. Bodi ina umri wake, mota zina umri wake, waya zina umri wake, viti hivyo hivyo, na kazi nzima ya kufufua treni kuukuu ni kujua kipi ndani yake kimeshakufa, kipi kinaelekea kufa na kipi bado kina miaka 20 mbele. Mtu akishalishika hilo, ule ubishi wetu wa "hii ni mpya au ni used" anauona kwa jicho lingine kabisa.

Na siyo kwamba sisi ni wageni wa jambo hili. MV Victoria iko ziwani tangu 1961, ilibeba wazazi wetu na mizigo yao kwenda Bukoba miaka yote ile, ikachoka, ikasimama, halafu ikafumuliwa pale Mwanza Kusini na mwaka 2020 ikarudi majini kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, yenyewe na mwenzake Butiama. Mnakumbuka ubishi uliokuwepo mtaani, huyu anasema ni meli mpya, yule anasema ni ile ile imepigwa rangi. Wote walikuwa na kipande cha ukweli. Injini mpya, mifumo mipya, vyumba vipya, lakini tumbo la chuma ni lile lile lililotoka enzi za mkoloni. Treni ya metro ni hivyo hivyo, ila yenyewe ina mambo mengi zaidi yanayojificha chini ya sakafu.

Kwa ambao hawajawahi kuipanda, metro ni treni ya ndani ya jiji, sehemu kubwa au yote inapita kwenye mahandaki. Ya kwanza duniani ilifunguliwa London tarehe 10 Januari 1863, na wakati huo ilivutwa na vichwa vya mvuke, moshi wote unabaki humo humo handakini. Afrika ya kwanza ni Cairo, mwaka 1987. Kitu cha kushika hapa ni kwamba treni ya metro ya siku hizi haina kichwa kinachovuta mabehewa nyuma yake, mota zimegawanywa chini ya mabehewa yenyewe, na dereva anakaa kwenye chumba kidogo mbele. Ile treni yetu ya SGR ambayo watu wameibatiza Mchongoko imejengwa kwa mtindo huo huo, kwa hiyo yote nitakayoyasema huku chini yanatuhusu sisi pia japo Mwanza hatuna hata mita moja ya metro, na nitalirudia hilo mbele.

Tuanze na bodi, maana ndo inayoamua kama kuna maana ya kuendelea na mengine. Mtengenezaji akikuambia treni hii itaishi miaka 40 mara nyingi anaongelea bodi, yaani lile boksi la chuma au aluminiamu ambalo abiria anakaa ndani. Elektroniki zilizomo haziwezi kufika huko, zenyewe miaka 15 mpaka 20 zinakuwa zimeshapitwa na wakati, na viti na sakafu vinaisha mapema zaidi. Ndo maana waendeshaji wengi wanapanga ukarabati mkubwa wa katikati ya maisha, pale treni inapofikisha kama miaka 15 hadi 20, ili nusu ya pili ya maisha ya ile bodi isipotee bure.

Bodi inaishi muda gani inategemea imetengenezwa kwa nini na inalala wapi. Montreal kule Kanada treni zao za kwanza zilianza kazi 1966 na zikastaafu 2018, zaidi ya miaka 50, na bodi zake zilikuwa za chuma cha kawaida tu. Siri yake ni kwamba metro ya Montreal iko chini ya ardhi yote, treni hazioni mvua wala theluji, kwa hiyo kutu haikupata nafasi. New York wao walinunua mabehewa ya stenlesi miaka ya 1964 na 1965, yale walioyaita R32, wakayafumua katikati ya maisha yake na kuyawekea viyoyozi, yakaendelea mpaka Januari 2022. Njia mbili tofauti kabisa za kufika kwenye uzee, moja imekimbia maji na nyingine imevaa chuma kisichoogopa maji. Mtu anayeishi kando ya ziwa na amewahi kubadilisha bati za nyumba yake anaelewa hiki nachokisema bila hesabu yoyote.

Chini ya bodi kuna bogi, yaani fremu nzito inayoshika ekseli, magurudumu, springi na mara nyingi mota yenyewe. Hapa ndo fundi hana ruhusa ya kukisia. Bogi inatolewa, inasafishwa mpaka chuma kibaki kitupu, halafu inatafutwa nyufa ambazo jicho halizioni, kwa sumaku na unga wa chuma, kwa dawa ya rangi inayopenya kwenye ufa, au kwa mawimbi ya sauti yanayopita ndani ya chuma na kurudi tofauti yakikutana na ufa. Ufa mdogo leo, baada ya mitikisiko milioni kadhaa unakuwa mkubwa, halafu siku moja fremu inakatika treni ikiwa na watu.

Na usidhani hili ni la treni kuukuu tu. Laini ya Central ya London ilipokea treni zake mpya miaka ya mwanzoni mwa 1990, na tarehe 25 Januari 2003 mota moja ikachomoka chini ya behewa treni ikiwa inaingia kituo cha Chancery Lane, mabehewa yakaacha reli, watu 32 wakaumia, na laini nzima ikafungwa karibu miezi mitatu wakati mafundi wanakagua na kurekebisha namna mota zilivyofungwa kwenye kila treni. Treni hizo zilikuwa na miaka kama kumi tu! Kwa hiyo mtu akikuambia "hii ni mpya haina shida" muulize kwanza imekaguliwa lini na nani alishuka chini kuitazama.

Sasa tuje kwenye umeme, na hapa nitakaa kidogo maana ndo moyo wa kazi yote. Treni za zamani zilitumia mota za umeme wa mkondo mmoja, hizi zina brashi za kaboni zinazosugua sehemu inayozunguka ili kupeleka umeme ndani. Brashi zinaisha, zinatoa vumbi jeusi, vumbi linapitisha umeme mahali pasipotakiwa, na kila baada ya muda lazima fundi afungue abadilishe. Halafu namna ya kuongeza mwendo ilikuwa ni kupitisha umeme kwenye rezista kubwa, yaani unaanza na rezista nyingi, unazitoa moja moja kadiri treni inavyochanganya, na ule umeme wote uliozuiwa na rezista unageuka kuwa joto tu. Unalipa bili ya umeme ili kupasha handaki moto.

Ukarabati wa kisasa unang'oa mfumo huo na kuweka mota za mkondo geu ambazo hazina brashi kabisa, zinaendeshwa na inveta. Inveta wengi tunaijua kutokana na sola za nyumbani, inachukua umeme wa betri na kuugeuza uwe kama wa tanesko, ya kwenye treni inafanya kazi ya jamii hiyo hiyo ila kubwa mno na yenye uwezo wa kubadilisha kasi ya mota kwa ustadi. Faida yake ya pili ndo tamu zaidi, treni ikifunga breki ile mota inageuka jenereta, inazalisha umeme na kuurudisha kwenye reli, treni nyingine iliyo karibu inaondoka kituoni inautumia. Zamani nguvu hiyo yote iliishia kwenye padi za breki na rezista, tena ikawa joto.

Joto hilo siyo jambo dogo. Udongo wa mfinyanzi unaozunguka mahandaki ya London ulikuwa na baridi ya nyuzi 14 hivi miaka ya 1900 na watu waliisifia metro kwamba ni mahali pa kupumzikia kiangazi, leo baada ya miaka zaidi ya mia ya treni kufunga breki humo udongo wenyewe umelewa joto na haulitoi. Na kuweka kiyoyozi siyo rahisi kama tunavyodhani, mahandaki yale ya kina yana kipenyo cha mita kama 3.56 tu na treni imejaa humo karibu yote, hakuna pa kuweka mashine, na joto utakalolitoa ndani ya behewa unalitupa kwenye handaki hilo hilo. Kwa hiyo kubadilisha mota, ambayo mtu anaiona ni kazi ya kupunguza bili na matengenezo, kule chini ni kazi ya kuwapunguzia abiria jasho pia. San Francisco walifanya hivyo na treni zao za BART kwenye ukarabati ulioanza miaka ya 1990, na laini ya Central ya London, ile ile ya ajali ya 2003, ndo inafanyiwa hivyo sasa, treni 85 za mabehewa manane manane, mota za zamani zinatoka zinaingia mpya, pamoja na taa, kamera, skrini za kutangaza vituo na nafasi za viti vya magurudumu.

Ila sikieni yaliyowakuta. Treni ya kwanza iliyokarabatiwa ilirudi kazini mwishoni mwa 2023, baada ya kuchelewa sana, na wiki chache baadaye, Januari 2024, laini hiyo hiyo ikakosa treni za kutosha maana zile ambazo bado hazijaguswa mota zake zilikuwa zinakufa kwa wingi, abiria wakawa wanasubiri vituoni wamejazana. Huo ndo mtego wa ukarabati ambao watu hawausemi. Ili ufufue treni lazima uitoe kazini, ukiitoa kazini zinazobaki zinafanya kazi zaidi, zikifanya kazi zaidi zinachoka haraka, na ukichelewa kuanza unakuta huna tena treni za akiba za kukupa nafasi ya kupumua. Kuanza mapema wakati treni bado nzima kunaonekana ni kupoteza pesa, nani ataidhinisha bajeti ya kufumua kitu kinachotembea vizuri? Lakini ndo wakati wake.

Kwanini inachelewa? Mara nyingi ni wayaringi. Behewa moja lina waya za kilomita nyingi, zimepita ukutani, darini, chini ya sakafu, na ngozi yake baada ya miaka 30 inakauka na kupasuka. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mchoro hauendani tena na behewa. Miaka yote hiyo mafundi wa zamu tofauti wamepachika hiki, wamekata kile, wameruka swichi mbovu kwa kipande cha waya ili treni itoke asubuhi, na hakuna aliyeandika. Ukifungua treni kumi za aina moja unakuta kumi tofauti. Ndo maana treni ya kwanza kwenye mradi wowote wa namna hii inakaa karakana muda mrefu kuliko zote, hiyo ndo shule, wanajifunza humo yale ambayo mchoro hauwaambii. Mtu yeyote aliyepeleka gari ya mwaka wa tisini na kitu gereji pale Nyakato akamkuta fundi umeme anakuna kichwa mbele ya waya za rangi moja zilizofungwa na selotepu, basi aizidishe mara mia ndo atapata picha.

Halafu kuna suala la spea, na hapa naomba tutulie maana linatugusa moja kwa moja. Zile treni za laini ya Central zilijengwa na ABB kule Derby. Biashara hiyo ya treni ikaungana na ya Daimler-Benz ikawa Adtranz, mwaka 2001 Adtranz ikanunuliwa na Bombardier, mwaka 2021 Bombardier upande wa treni ikanunuliwa na Alstom. Treni ni ile ile, inapita reli ile ile, lakini aliyeitengeneza amebadilika jina mara tatu, wahandisi walioichora wamestaafu, na kadi za elektroniki zilizomo zinatumia vifaa ambavyo hakuna kiwanda kinachovitoa tena. New York ni hivyo hivyo, Budd iliyotengeneza R32 haipo tena. Hapo unabaki na njia tatu: unachinja treni moja ili nyingine zitembee, unamlipa mtu akutengenezee kifaa kimoja kimoja kwa bei ya kuumiza, au unang'oa mfumo wote na kuweka wa kisasa. Sehemu kubwa ya kinachoitwa ukarabati ni hiyo njia ya tatu, na inafanyika kwa sababu mbili za kwanza zimeshakuwa ghali.

Kuna sehemu nyingine ya kazi hii ambayo mimi naiona ni ya heshima kuliko zote, nayo ni moto. Tarehe 28 Oktoba 1995 kule Baku, treni ya chini ya ardhi ilishika moto kwa hitilafu ya umeme katikati ya handaki, wakafa watu zaidi ya 280, wengi wao waliuawa na moshi wa sumu kutoka kwenye vitu vilivyojengea ndani ya mabehewa. Tarehe 18 Februari 2003 kule Daegu, Korea Kusini, mtu aliwasha moto kwa makusudi ndani ya treni, viti na kuta na sakafu vikashika kama karatasi, moto ukarukia treni ya pili iliyoingia kituoni, wakafa watu 192. Baada ya hapo Wakorea walipita kwenye treni zao wakang'oa vitu vya ndani vilivyokuwa vinashika moto na kuweka visivyowaka. Treni zilibaki zile zile, mota zile zile, lakini abiria aliyekaa humo baada ya hapo alikuwa kwenye behewa lingine kabisa kwa habari ya uhai wake. Sisi ambao tuna watu wetu waliobaki na MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 hatuna haja ya kuelezwa kwanini kiti kisichoshika moto ni muhimu kuliko kiti kizuri. Kwa hiyo ukiona picha ya treni imekarabatiwa na wanakuonyesha vitambaa vipya tu, uliza vile vitambaa vimepimwa kwa moto na vinatoa moshi gani.

Pia treni nyingi za zamani zina asbesto, ilitumika sana kuzuia joto na moto, na kuitoa inataka chumba maalum na mavazi maalum, gharama ambayo haionekani kwenye picha yoyote.

Sasa kuna kitu ambacho ukarabati hauwezi kukifanya, na hapa nasema kwa msisitizo. Hauwezi kuifanya bodi dhaifu iwe imara. Washington walikuwa na mabehewa yao ya kwanza ya mwaka 1976, yalifanyiwa ukarabati mkubwa miaka ya 1990, yakapendeza. Mwaka 2004 kukatokea ajali moja ikaonyesha kwamba behewa la aina hiyo likigongwa linaingiliwa na lingine na nafasi ya abiria inapotea, wachunguzi wa ajali wa serikali ya Marekani wakashauri yaondolewe haraka au yaimarishwe. Yaliendelea kutumika. Tarehe 22 Juni 2009 mfumo wa kutambua treni kwenye reli ulishindwa kuiona treni iliyosimama, iliyokuwa inakuja nyuma ikaigonga, na behewa la mbele la iliyogonga, moja ya yale ya 1976, likakunjika. Wakafa watu tisa akiwemo dereva. Yale mabehewa yaliondoka kazini kabisa mwaka 2017. Chanzo cha ajali kilikuwa ni signali, yaani mfumo wa kuongoza treni, bodi haikusababisha, lakini bodi ndo iliyoamua nani anatoka mzima. Ndo maana nasema bodi ndo inaamua kama mengine yana maana.

Milango nitaipita haraka ila msiidharau. Mlango unafunguka na kufungwa mara nyingi kuliko kitu chochote kwenye treni ya jiji, na ukigoma mmoja treni nzima haitembei, kwa hiyo kubadilisha mitambo ya milango peke yake kunaweza kuokoa dakika nyingi za watu kuliko viti vipya. Signali nayo inatakiwa iende sambamba na treni, laini ya Victoria ya London inapitisha treni 36 kwa saa wakati wa pilika, na hilo limewezekana kwa sababu treni mpya na mfumo mpya wa kuongoza vilipangwa pamoja. Ukifufua treni ukaiacha kwenye signali za zamani umenunua mwendo ambao huwezi kuutumia. Hata umeme wa njiani lazima upigiwe hesabu upya, ukiongeza viyoyozi umeongeza uzito na umeongeza mzigo kwenye vituo vya kupozea umeme, na springi za bogi nazo zinataka kujua habari hiyo.

Wanaonifurahisha zaidi kwa kupanga ni Paris. Walipogeuza laini ya 1 ijiendeshe bila dereva, treni zake zilizokuwa bado na maisha wakazihamishia laini ya 4, nayo laini ya 4 ilipogeuzwa, zile zile wakazifanyia ukarabati na kuanza kuzipeleka laini ya 6 kupumzisha zilizo kuukuu zaidi. Treni moja, laini tatu, kila mara inahamia mahali ambapo nguvu yake inatosha. Budapest mambo yalikuwa magumu, treni za laini ya 3 za enzi za Kisovieti zilipelekwa Urusi kufumuliwa, zikaanza kurudi kazini 2017 bila viyoyozi, milango ikasumbua mwanzoni mpaka zikasimamishwa kwa muda, na baadaye wakaingia gharama nyingine ya kufunga viyoyozi. Singapore walipiga hesabu, na mwaka 2018 wakaagiza treni mpya 66 kuchukua nafasi ya za kizazi cha kwanza zilizowahi kukarabatiwa hapo nyuma. Hakuna jibu moja la nchi zote. Swali ni miaka mingapi imebaki kwenye bodi, na kila mwaka huo uliobaki utakugharimu kiasi gani ukilinganisha na mwaka mmoja wa treni mpya, ukijumlisha umeme, spea na siku ambazo treni inakaa karakana.

Na hata treni ikifukuzwa kwenye metro bado inaweza kuwa na kazi. Treni za laini ya District za London, zilizojengwa kati ya 1978 na 1981 kwa bodi ya aluminiamu, ziliondolewa 2017, kampuni ya Vivarail ikazinunua, ikazivua ikabaki na bodi na bogi, ikaweka mitambo mipya, na tangu Novemba 2021 zinabeba watu kwenye kisiwa cha Wight. Na zile zilizokuwa zinafanya kazi kule kisiwani kabla yake nazo zilikuwa ni treni za London za mwaka 1938. Yaani kisiwa kizima kimeishi kwa treni zilizostaafu mjini, na watu wanafika kazini.

Sasa turudi nyumbani. Reli ilifika Mwanza 1928, na kipande cha SGR cha Isaka mpaka hapa kwetu, kilomita 341, kiliwekewa jiwe la msingi Juni 2021. Huko Dar hadi Dodoma treni za umeme zimeanza kubeba watu 2024, Mchongoko ukiwemo, na hizo zimekuja tayari na inveta, kompyuta, milango ya umeme, yote niliyoyataja hapo juu. Ukihesabu miaka 15 mpaka 20 kutoka 2024 unaangukia kati ya 2039 na 2044. Hapo elektroniki zake zitakuwa zimezeeka na bodi bado changa, na mtu ataleta mezani karatasi mbili, moja ya kununua mpya na nyingine ya kukarabati. Uwezo wetu wa kuchagua siku hiyo unajengwa sasa hivi.

Kwa maoni yangu kuna mambo manne ambayo mwananchi ana haki ya kuyauliza leo. Michoro kamili ya waya na mitambo iko mikononi mwetu au iko kwa muuzaji? Programu za kompyuta za treni, aliyeziandika akifunga ofisi au akinunuliwa na mwingine kama ilivyokuwa kwa ABB, sisi tunabaki na nini? Kila badiliko ambalo fundi anafanya kwenye behewa linaandikwa wapi, na nani anaweza kulisoma miaka 15 baadaye? Na je, vijana wanaosoma umeme na kuchomelea hapa Kanda ya Ziwa, pamoja na wale wanaojenga vivuko na meli kwenye yadi zetu za ziwani ambao tayari mikono yao inajua chuma, wanaingizwa lini kwenye karakana za treni hizi, siyo kufagia, kufungua bogi na kusoma nyufa?

Hili la kuandika mabadiliko ndo la bei rahisi kuliko yote na ndo linaloanza kuharibika mapema, maana linaharibika siku ile ya kwanza fundi anaporuka swichi mbovu saa kumi alfajiri ili treni itoke saa kumi na mbili, na msimamizi wake anafurahi kwamba imetoka kwa wakati. Huyo msimamizi apewe daftari, au tableti, vyovyote, na treni isisainiwe kutoka mpaka kilichobadilishwa kimeingia humo na namba ya behewa.